Pikipiki inakata pumzi milima ya Bururi, ikirudi Kigoma inakimbia. Ni mwinuko, mafuta au fundi anataka kunila?

#1 MgebukaMkavu
Wakuu habari za jioni. Naomba wajuzi wa pikipiki mnisaidie, mafundi wameniyumbisha vya kutosha.

Nina 150 ya Kihindi, ya kabureta, bado haijachoka. Huku kwetu haina neno. Mwandiga, Kalinzi hadi Manyovu inapanda na mzigo wake bila kulalamika. Biashara yangu inanivusha mpaka wa Mugina kuingia Burundi, nateremka Nyanza-Lac, nafuata ziwa hadi Rumonge. Hapo pia safi. Balaa linaanza nikiliacha ziwa kupanda upande wa Bururi, halafu nikaingia njia za ndani za vijijini, zile za mawe na makorongo ambazo greda halijapita siku nyingi.

Katikati ya mlima inaanza kukohoa. Gia ya tatu haitaki, ya pili haitaki, nashika ya kwanza, inafifia, inazima. Nakaa pembeni muda wa kumaliza kipande cha muhogo, napiga kiki, inawaka vizuri kabisa. Napanda kidogo, inarudia.

Fundi wa Rumonge kasema ni mwinuko, hewa nyepesi. Wa Manyovu kasema mafuta ya kule machafu. Wa hapa mtaani Gungu kasema klachi plati, nilete hela. Nimwamini nani?

#2 Fundi_Katubuka
Mkuu, jibu swali moja kwanza. Inapochoka, injini inalia juu huku tairi halifuati, au sauti yenyewe inashuka hadi inazima? Klachi ikiteleza injini inapiga kelele nyingi na mwendo hakuna, ila haizimi.

#3 MgebukaMkavu
Inashuka. Hailii.

#4 Fundi_Katubuka
Basi huyo wa Gungu kapima mfuko wako, klachi hajaipima.

#5 KachorokaGia
Naweka kiti hapa. Yangu inafanya hivyohivyo nikipanda Heru Juu na wala sijavuka mpaka.

#6 MhitimuWaPune
Fundi wa Rumonge yuko sahihi. Nilisoma India, na likizo moja tulikwenda Ladakh, kaskazini kule kwenye Himalaya, tukakodi pikipiki kupanda Khardung La. Juu pale kuna kibao, mita 5,602. Injini ya 500 ilikuwa inajikokota, na sisi wenyewe vichwa vinauma kwa kukosa hewa.

Kinachotokea ni hiki: ukipanda, hewa inapungua uzito. Kabureta haina akili ya kujua hilo, inaendelea kumwaga petroli kwa kipimo cha chini. Mafuta yanazidi hewa, plagi inaota masizi, moshi unakuwa mweusi, injini inakohoa. Dawa ni kubadili jeti kuu, kile kipande chenye tundu la kupitishia petroli kwenye kabureta, unaweka yenye tundu dogo zaidi. Pikipiki za injekta zinajirekebisha zenyewe kwa sababu zina kihisi cha hewa, ingawa nguvu nazo hupoteza.

#7 Ramani_na_Dira
Mhitimu, kibao hicho kimewadanganya wengi. Vipimo vya GPS vinatoa mita 5,359. Bado ni juu sana, hewa ya pale ni karibu nusu ya hewa ya Dar, ndiyo maana vichwa viliwauma.

Sasa turudi kwetu. Ziwa Tanganyika liko takribani mita 773 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo Rumonge na Kigoma ni mulemule. Mlima Heha, mrefu kuliko yote Burundi, haufiki hata mita 2,700, na mleta uzi hapeleki mzigo wake kileleni. Tuseme njia zake zinafika 2,000. Kanuni ya jumla ni kwamba injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kutoka ziwani hadi huko juu anapoteza asilimia 12 au 13. Injini ya nguvu farasi 12 inabaki na kumi na nusu. Itachoka, sawa. Lakini kuzima? Kila siku watu wanaendesha pikipiki hizohizo Bugarama, kule milimani Burundi, na Bugarama ni zaidi ya mita 2,000.

#8 MhitimuWaPune
Asante kwa sahihisho la Khardung La. La Bugarama silikubali, hizo pikipiki zimeishi kule na mafundi wake wamezipima kwa hewa ya kule. Na hujaweka mzigo kwenye hesabu yako. Mgebuka, nyuma unabeba nini?

#9 MgebukaMkavu
Dagaa. Magunia mawili, matatu kukiwa na oda. Wakati mwingine na mtu mmoja.

#10 KachorokaGia
Na mtu juu ya dagaa 😂😂 Pikipiki inazima kwa aibu, haina ugonjwa.

#11 Mama_Vitenge
Wanangu hamjambo. Mimi siendeshi, hupakiwa tu. Njia hizo nimezipita sana nikifuata vitenge na kuuza vyangu. Vijana wa kule wakifika mlima mkali hawakuulizi, wanakwambia mama shuka, wewe unatembea na yeye anapandisha pikipiki tupu, mnakutana juu. Jambo jingine nililoliona: kuna kijana kabla ya kuanza kupanda alikuwa anafungua mfuniko wa tenki, anaufunga tena juujuu bila kukaza. Nikamuuliza anatafuta nini, akacheka tu. Yake haikuwahi kuzima.

#12 Fundi_Katubuka
Shikamoo mama. Hapo umenipa kazi.

Mgebuka, mfuniko wa tenki una kitundu cha kupumulia. Petroli ikishuka, hewa inaingia juu yake kupitia hapo. Kitundu kikizibwa na vumbi au tope, tenki linanyonya, petroli inagoma kushuka. Kwenye tambarare injini inakunywa kidogo kwa hiyo hujui. Kwenye mlima umeshika ekseleta muda wote, bakuli la kabureta linakauka, inazima. Ukikaa pembeni, hewa inajipenyeza taratibu, bakuli linajaa, inawaka. Dalili zako zote zimo. Na njia zako ni za vumbi.

Kipimo ni bure: ikizima tu, kabla hujapiga kiki, fungua mfuniko usikilize. Ukisikia fyuu, umeshampata mwizi.

#13 Mama_Vitenge
Marahaba mwanangu. Kumbe yule kijana alikuwa na sababu.

#14 MtotoWaBuyenzi
Amahoro kwenu. Niko Bujumbura. Nawaheshimu mafundi lakini nyote mmeruka jambo la kwanza: petroli anaitoa wapi? Hapa kwetu uhaba wa mafuta si habari ya leo, miaka sasa. Kituo kikipata, foleni inalala. Watu wananunua ya magendo kwenye chupa na vidumu, na nyingi inatoka hukohuko kwenu. Imemiminwa mara ngapi, kwenye kidumu kilichokuwa na nini, nani anajua. Maji yakiwa chini ya tenki, kwenye barabara ya ziwani yanatulia. Ukianza kuruka mashimo mlimani yanachanganyika na kuingia kwenye kabureta.

#15 MgebukaMkavu
Najaza Manyovu, tenki tele. Rumonge naongeza ya chupa nikiikuta.

#16 MtotoWaBuyenzi
Umejijibu, kaka.

#17 Dereva_Mstaafu
Nilikuwa dereva wa malori, sasa nalima michikichi. Mambo ya kuchanganya petroli na mafuta ya taa nayajua tangu zamani. Hapa Tanzania yalishamiri hadi mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei zikaribiane na mchanganyaji akose faida. Petroli yenye mafuta ya taa utaijua kwa moshi na harufu yake, na injini inagonga ikipewa mzigo. Kijana, inagonga? Ile ti-ti-ti ya chuma?

#18 MgebukaMkavu
Shikamoo mzee. Haigongi. Inakohoa tu.

#19 Dereva_Mstaafu
Marahaba. Basi si mafuta ya taa. Maji inawezekana.

#20 Fundi_wa_Waya
Mnahangaika na petroli wote, hakuna hata mmoja aliyegusa umeme. "Inazima ikiwa ya moto, inawaka ikipoa" ni wimbo wa koili ya plagi au CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoipa plagi cheche, inayokufa. Ndani mna waya mwembamba, ukipata joto unaachia, ukipoa unashika. Mlimani gia ya kwanza injini iko juu, mwendo ni mdogo, upepo wa kuipoza hakuna. Manyovu anapanda kwenye lami kwa mwendo mzuri, upepo upo, ndiyo maana haizimi. Kipimo changu nacho ni bure: ikizima, chomoa plagi, igusishe kwenye kichwa cha injini, piga kiki. Hakuna cheche, ni umeme.

#21 Fundi_Katubuka
Koili ikiachia, injini inakata ghafla. Yeye anasema inafifia.

#22 Fundi_wa_Waya
Inafifia kwa mtu aliyebeba magunia matatu ya dagaa na abiria. Hata ikikata ghafla ataona imefifia.

#23 KachorokaGia
Jamani yangu ya Heru Juu msiisahau.

#24 Ramani_na_Dira
Kuna la tano. Barabara ikisimama sana, petroli inakimbilia nyuma ya tenki. Pikipiki nyingi koki ya kutolea petroli chini ya tenki iko mahali pamoja tu, na ukiwa umebakiza kidogo, mdomo wa koki unabaki nje. Mkuu, ulikuwa kwenye rizevu?

#25 MgebukaMkavu
Mara moja ndiyo, mara nyingine tenki nusu.

#26 Ramani_na_Dira
Mara hiyo moja basi nimeshinda 😀

#27 Shangazi_wa_Kibirizi
Mimi nina swali nje ya injini. Mdogo wangu anataka kuanza njia hiyohiyo. Kule wanaendesha kulia, sisi kushoto. Kwenye mlima mwembamba inakuwaje? Na karatasi gani zinatakiwa?

#28 Dereva_Mstaafu
Karatasi: leseni yenye daraja lake la pikipiki, kadi ya chombo yenye jina lake au barua ya mwenye chombo, hati ya kusafiria, na bima ya COMESA, ile kadi ya njano. Asije akadhani bima ya nyumbani inavuka. Watu wanafika Mugina na bima ya kawaida halafu wanashangaa.

Kuhusu kulia: tatizo haliko mpakani, pale kila mtu yuko macho. Tatizo ni asubuhi ya pili, umeamka kijijini, barabara tupu, unatoka kwenye kibanda cha chai na kushika kushoto bila kujua. Kona moja tu inatosha kumkuta mwenzako anateremka na baiskeli ina mikungu ya ndizi.

#29 MhitimuWaPune
Hapo kuna kitu cha kufurahisha. Bolivia wanaendesha kulia, lakini ile barabara yao ya Yungas, iliyobatizwa barabara ya kifo, wanashika kushoto. Dereva wao hukaa upande wa kushoto wa gari, kwa hiyo akishika kushoto anaona tairi lake na ukingo wa bonde. Anayeteremka ndiye anapita upande wa nje, na anayepanda ana haki ya njia. Barabara mpya ilifunguliwa 2006, ya zamani sasa imebaki zaidi kwa watalii wa baiskeli.

#30 MtotoWaBuyenzi
Usimwambie mtu hayo akaja kuyafanya Bururi! Kwetu ni kulia, mlima na bonde. Kanuni ya anayepanda kupewa njia tunaifuata kwa adabu tu, lori halina adabu, lipishe. Na mdogo wa shangazi akipanga kufika Bujumbura mjini ajue pikipiki zilipigwa marufuku katikati ya jiji mwaka 2022. Aulize kwanza pa kuishia.

#31 Shangazi_wa_Kibirizi
Asanteni sana. Nitamsomea.

#32 Fundi_Katubuka
Msomee na hili. Kupanda kunachosha pikipiki, lakini wanaoumia wanaumia kwenye kuteremka. Kwa sababu petroli ni ya shida, vijana wanazima injini juu na kuachia gia huru mpaka chini. Breki za ngoma zikishikwa mfululizo zinapata moto na kulegea, unakanyaga hazishiki, na injini umeizima haikusaidii. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Cheni aikaze na kuipaka oili kila jioni, vumbi la kule linaila.

#33 KachorokaGia
Cheni mimi napaka mawese. Bei nafuu.

#34 Fundi_Katubuka
Mawese yanashika vumbi, yanakuwa msasa. Weka oili chafu ya injini kama huna hela, mawese yaache kwenye migebuka.

#35 MtotoWaBuyenzi
Mawese ya Rumonge ni mepesi, labda ya Kigoma ndiyo yanashika vumbi.

#36 Dereva_Mstaafu
Wewe kijana unatafuta ugomvi na mkulima wa michikichi. Mawese ya Kigoma yanafahamika nchi nzima. Ya Rumonge yanafahamika Rumonge.

#37 Mama_Vitenge
😂 Mimi nauza yote, siwezi kusema.

#38 Ramani_na_Dira
Tukirudi kwenye njia. Mgebuka umewahi kufika Rutovu? Ni huko huko mkoa wa Bururi, kuna chemchemi ya Kasumo, ndiyo chanzo cha Nile kilicho mbali zaidi kusini. Juu yake Mjerumani Burkhart Waldecker alijenga piramidi ndogo mwaka 1938.

#39 MtotoWaBuyenzi
Ramani yako ni ya zamani. Mikoa 18 imebaki mitano. Bururi, Makamba, Rumonge na Rutana sasa zote ni Burunga.

#40 Ramani_na_Dira
Sawa, Burunga. Nilichotaka kusema ni kwamba mgongo anaoupanda Mgebuka unagawa maji. Mvua ya upande wa pili inapita Ruvubu na Kagera, inaingia Victoria na kwenda hadi Misri. Ya upande huu inaanguka Tanganyika, inatoka kwa mto Lukuga kwenda Kongo na Atlantiki. Upande huu wa ziwa mteremko ni mkali kuliko ule mwingine, maji yanashuka kwa kasi na kubeba barabara. Makorongo anayoyalalamikia hayatokani na uzembe wa greda peke yake.

#41 MgebukaMkavu
Hilo nalikubali. Mvua za Machi na Aprili sipandi kabisa, ukungu unafunika hadi huoni taa yako. Juni hadi Agosti ni vumbi lakini barabara unaiona. Hata ile ya ziwani haiko salama, ziwa lilipopanda miaka ile lilikula kingo.

#42 Dereva_Mstaafu
Upande huo kuna mradi. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mwaka 2018 fedha za Rumonge–Gitaza, kilomita 45, pamoja na kwetu Kabingo–Kasulu–Manyovu. Lami kuu itakuwa nzuri. Za vijijini ambako dagaa wanaliwa sijasikia mtu akizitaja.

#43 MgebukaMkavu
Wakuu nimerudi. Nimetoka kupanda juzi, leo niko Mwanga. Matokeo haya.

Nilijaza Manyovu, sikuongeza ya chupa hata tone. Magunia mawili, bila mtu. Ilizima palepale pa siku zote. Nikafungua mfuniko: FYUU. Nikausafisha kwa sindano, nikaufunga. Nikaendelea, ikapanda vizuri kuliko safari zote zilizopita, nikapita hata mti ule ambao huwa nakaa. Nikaanza kucheka peke yangu. Halafu juu zaidi, karibu na kijiji ninakouza, ikakohoa na kuzima tena. Nikafungua mfuniko, kimya, hakuna fyuu. Nikachomoa plagi: cheche ipo, ingawa kwa macho yangu ilikuwa nyekundu kidogo. Plagi yenyewe upande mmoja rangi ya kahawia, upande wa pili masizi.

#44 Fundi_Katubuka
Fyuu! Nilisema.

#45 Fundi_wa_Waya
Cheche nzima ni ya buluu na inapiga tak. Nyekundu ni koili inayoaga. Nilisema.

#46 MhitimuWaPune
Masizi juu, mbali na ziwa. Mafuta yamezidi hewa. Weka jeti ndogo.

#47 MtotoWaBuyenzi
Tenki uliliosha? Kama hukuliosha, maji ya safari zilizopita bado yamo chini, hata ujaze wapi.

#48 MgebukaMkavu
Sikuliosha.

#49 Ramani_na_Dira
Badilisha kimoja kimoja. Ukibadili koili, jeti na kuosha tenki siku moja, ikipona hutajua nini kimeiponya.

#50 Dereva_Mstaafu
Mfanyabiashara hana safari za kufanyia utafiti, Ramani. Abadili vyote, auze dagaa.

#51 Fundi_wa_Waya
Hapana, mzee. Koili kwanza, akiazima kwa jirani yake hapohapo Mwanga halipi kitu. Afungue nati mbili tu.

#52 Fundi_Katubuka
Tenki kwanza. Mgebuka leta Katubuka Jumamosi asubuhi, tumwage petroli yote kwenye chupa angavu tuone kama kuna maji chini. Tukiyakuta, Buyenzi ananidai soda. Tusipoyakuta, tunaweka koili ya kuazima na unaondoka nayo hivyohivyo Bururi.

#53 MhitimuWaPune
Na jeti?

#54 Fundi_Katubuka
Jeti ndogo akirudi nayo Kigoma injini inakuwa na hewa nyingi, inachemka, inatoboa pistoni. Anayevuka kila wiki juu na chini utambadilishia jeti kila mpakani?

#55 MhitimuWaPune
Dakika kumi tu, bisibisi na spana nane.

#56 KachorokaGia
Jumamosi na mimi nakuja na yangu. Fundi nibakizie nafasi.

#57 Fundi_Katubuka
Njoo. Yaoshe hayo mawese kwenye cheni kabla hujaingia getini kwangu.